Kitasa cha Magotini

9 Julai

...na hapo ndipo karatasi iliponiishia, Mjomba, kabla hata sijafika mlangoni. Kwa hiyo hii ichukulie kuwa ni mkia wa barua ya juma lililopita. Ila mama alinifunza nisiingie kwa mtu bila kubisha hodi, basi nianze upya: shikamoo. Na mama naye mpelekee shikamoo yake pale anapokaa na redio yake, umwambie mwanawe hajakonda. Gauni la harusi nimelijaribu tena jana na sasa halifungi mgongoni. Ningeweza kupiga simu, najua, lakini kwenye simu wewe unasikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe.

Nilikuwa nimefika kwenye mikono ya mume wangu. Wewe uliiona siku moja tu, siku ya harusi, tena ikiwa imeoshwa. Hujaiona ikipapasa ubao kutafuta mahali penye kasoro, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Jioni ananyanyua uso nimpanguse unga wa mbao kwenye nyusi, na mimi hukawia makusudi. Siku ya kumi na tisa leo tangu tuhamie humu, na kila asubuhi nikisikia randa inaanza kulia kwenye chumba cha mbele najiambia, huyo ni wangu. Usimsomee mama sehemu hii. Au msomee, atacheka.

Sasa nyumba. Si ya kupanga, Mjomba, ni yetu, jasho la miaka yake kumi na moja kwenye karakana za watu. Siku ya kununua, muuzaji alitandaza ramani mezani, na mume wangu akauliza kwanza, "Mto je, unafika hapa?" Yule mzee akaweka kidole kimoja kwenye mstari wa buluu. "Mto ukifurika, unaishia hapa." Akaweka cha pili. "Na nyumba hii hapa." Kati ya vidole viwili palikuwa na nafasi ya kutosha cha tatu. Mimi macho yakashuka hadi pembeni kabisa, na nikaona nini? Sahihi yako. Ile yenye mkia mrefu kama wa panya, iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule. Nikamwambia muuzaji, huyu ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Nikamwambia mume wangu, mjomba hakosei hata akipima kitambaa cha meza. Hatukwenda kuangalia nyumba nyingine.

Na sasa mlango. Ni wa mbao nzito ya zamani, na mume wangu ameupenda hadi naona wivu. Juzi alichuchumaa mbele yake akaanza kucheka peke yake. "Njoo uone," akasema. Chini, karibu na goti langu, pana tundu la ufunguo la zamani lililozibwa kwa kipande cha ubao, na chini yake kidogo doa jeusi la maji limekata mlango mzima kama mkanda. Akasema, "Hakuna seremala duniani anayeweka kitasa magotini, labda aliyeutengeneza alikuwa anatengenezea mbuzi." Kisha akanionyesha mwisho wa mlango: ule ubao mpana unaotakiwa kuwa chini haupo. Mlango ulikatwa, ndiyo sababu. Ulikuwa mrefu, ukapunguzwa chini, ukawekwa kitasa kipya juu. Anasema ataupiga randa pande zote mbili mpaka doa liishe, halafu aupake rangi ninayoipenda mimi. Hajui kuwa nitachagua ya samawati.

Jirani yetu wa tatu ni mshonaji mzee, mtaa mzima unamwita Bibi Cherehani. Kwake kila kitu kinaning'inia. Stuli ziko kwenye misumari, vitambaa viko darini, cherehani yenyewe iko juu ya meza iliyopandishwa kwenye matofali, na yeye anapanda kigoda kirefu kama jogoo. Nikamuuliza, "Bibi, ni panya?" Akasema, "Panya nao wana akili, mjukuu wangu. Wako hukohuko juu."

Njoo utuone. Nina wivu na ofisi yako.

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Chiriku


2 Agosti

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika, ya pili kabla ya ya kwanza, kwa hiyo nilianza na mkia kweli. Mama yako hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi ila mdomo hausumbuki. Nilimsomea yote. Alicheka pale ulipotabiri atacheka, kisha akaifunga redio, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu mwaka uanze.

Hapa ofisini tunaandaa tena maombi ya fedha za ramani mpya ya mto wenu na mabonde yake. Huu ni mwaka wa saba. Miaka sita kamati ya fedha imetujibu mstari mmoja: ramani ipo na haijawahi kulalamikiwa. Mwishoni mwa Novemba ninastaafu, na vijana wameanza kuchangishana saa ya ukutani wakidhani sijui.

Nakuomba mambo matatu, na usiniulize sababu kwa sasa.

Mwambie mumeo asiupige randa ule mlango. Asiupake rangi. Asiuguse.

Pimeni wote wawili, kwa futi ya chuma si ya kitambaa, kutoka sakafuni hadi katikati ya lile tundu lililozibwa. Kisha kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa doa.

Muulize huyo bibi ameishi mtaani kwa muda gani.

Mjomba wako


15 Agosti

Mjomba mpendwa, shikamoo, na mama shikamoo, na miguu ya mama pole zake.

Barua yako imechelewa siku mbili tu, lakini siku mbili za fundi wangu ni nyingi. Upande wa nje ameshaupiga randa, umekuwa laini kama shavu, doa hakuna. Nilimkuta ameshaugeuza aanze wa ndani. Nikaingia mbio na barua mkononi. Akasema, "Mjomba wako anaogopa nitauharibu?" Nikasema, "Mjomba hasemi anachoogopa, ukoo wetu ndivyo ulivyo." Akaweka randa chini, ingawa alinuna kama mtoto aliyenyimwa mpira. Hata akinuna anapendeza. Samahani, nimekuwa mgonjwa.

Upande wa ndani una kila kitu. Futi ni ya chuma, na tumepima mara mbili kila mmoja, halafu tumebishana kwa ajili ya nusu sentimita hadi tukacheka. Tundu: hamsini na mbili. Doa: arobaini na nane.

Bibi Cherehani ameishi hapa tangu aolewe. Na sikia hili, kumbe plot yetu ilikuwa yao. Palikuwa na ghala la nafaka la mumewe, na mlango wetu ndio uliokuwa wa ghala, mrefu wa kupitisha magunia kichwani. Maji yalikuja mwaka mmoja kabla mama hajanizaa, kama nimehesabu sawa, na mumewe alirudi ghalani kuokoa mizani. Hakutoka. Baadaye ghala likavunjwa, na mlango ukakatwa uingie kwenye nyumba ndogo, kwa sababu chini ulishaoza na juu ulikuwa bado mzima. Aliyasimulia haya huku akitia uzi kwenye sindano, na uzi uliingia mara ya kwanza.

Kisha akaniambia habari ya kijana mmoja aliyekuja mwaka uliofuata, na miguu mitatu ya darubini begani, shati jeupe, kiatu kimepigwa rangi. Akamuuliza maji yalifika wapi. "Nilimwambia yalinifika hapa," akaweka mkono kiunoni. "Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyefiwa anayesema ovyo. Akasema, mama, mlango unaonyesha gotini. Akaandika. Nikajisemea, basi mbao zimesoma kuliko mimi."

Nilicheka alipolisema hilo, na yeye akacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi, hatua hamsini tu, kicheko kikaniisha.

Mjomba, yule kijana alikuwa nani?

Mpwa wako,
Chiriku


21 Septemba

Mpwa wangu,

Umengoja majuma matano, nami nilikuwa na majibu yote tangu siku ya kwanza. Mama yako hajambo. Amekuwa akiniuliza kila jioni kama nimekujibu, nami nimekuwa nikimwambia posta ni mbaya. Posta si mbaya.

Kijana yule ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na huo ulikuwa mto wangu wa kwanza kupewa peke yangu.

Nikueleze kazi ilivyo, ili usinitetee moyoni mwako. Maji yakishaondoka, mpima huzunguka akitafuta alama zilizoachwa: ukutani, kwenye miti, kwenye milango. Anapima kutoka ardhini hadi kwenye alama, na kutoka hapo anachora mstari kuonyesha mto utafika wapi siku nyingine. Mtaani kwenu kuta zote zilikuwa zimepigwa chokaa upya. Ilibaki alama moja, doa kwenye mlango wa nyumba ndogo. Nililipima vizuri sana. Sikuutazama mlango. Kitasa cha kawaida hukaa kama mita moja kutoka chini. Chako kiko hamsini na mbili, maana yake mlango umekatwa karibu nusu mita, na doa limeshuka pamoja na mlango. Liinue lirudi lilikokuwa, utapata kiuno cha mwanamke. Alichoniambia.

Nusu mita si kitu mlimani. Huko kwenu ni tambarare kama meza. Nusu mita inauchukua mstari wangu na kuupeleka hadi nyuma ya shule. Wakati ule kati ya hapo na mto palikuwa na nyumba sita na mashamba. Leo pana mtaa, na watu wamejenga kwa sababu mstari uliwaambia wajenge.

Tena mto wenyewe si ule. Huko juu wamefyeka, wamejenga, wameweka lami. Maji yanayoshuka leo ni mengi kuliko ya siku zile. Kwa hiyo hata mstari sahihi wa wakati ule leo ungekuwa mfupi.

Hameni. Mvua za juu huanza mwishoni mwa Oktoba. Mwambie mumeo na usimwambie mtu mwingine yeyote. Nitalimaliza jambo hili kwa njia yangu. Maombi ya fedha yapo mezani, na yakipita ramani mpya itasahihisha kila kitu bila kelele. Nimebakiza miezi miwili. Ramani ile imetundikwa kwenye ukumbi wa ofisi, na vijana wapya hupelekwa kuoneshwa namna kazi inavyofanywa.

Mjomba wako


30 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama mpe salamu zake.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, na leo nimeisoma nikiwa dirishani kwa sababu nilitaka kuuona mtaa wakati naisoma. Upande wa pili kuna mama anayeuza mkaa, ana watoto watatu, wa mwisho hajaota meno. Nyumba inayofuata ni ya dereva wa lori na mkewe aliyevunjika nyonga, ambaye hata kwenda chooni anabebwa. Halafu Bibi Cherehani. Hao ni watatu tu, sijageuza shingo.

Unaniambia nihame. Nitahama vipi, Mjomba? Nikianza kufunga vyombo bibi atapita aniulize, "Mnahama, mjukuu wangu, na mmekuja juzi?" Nimjibu nini? Kwamba mjomba wangu ameninong'oneza? Nimwambie yule kijana wa kiatu kilichopigwa rangi sasa ameamini, ila ameniamini mimi peke yangu, kwa kuwa mimi ni damu yake?

Umesema ramani mpya itasahihisha bila kelele. Miaka sita mmeomba bila kelele. Kamati inasema ramani ipo. Wewe ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuwaambia kuwa haipo.

Nakuheshimu. Wewe ndiye uliyekaa na mimi nikijifunza kuandika jina langu, na nilipogeuza herufi hukunipiga, ulisema, "Futa, anza tena, hakuna aliyekufa." Nilikuwa na miaka mitano. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo.

Sihami kwa siri.

Mpwa wako


11 Oktoba

Mpwa wangu,

Mama yako ameisoma barua yako kabla yangu. Alinikabidhi ikiwa wazi na hakuomba radhi.

Barua zako mbili za kwanza zilimtaja mumeo kila mstari wa pili, hadi nikachoka naye. Hii ya mwisho haikumtaja hata mara moja. Mimi ni mtu wa vipimo. Nimeona.

Sitakuuliza. Ila umfikishie maneno haya: nilikwenda kwenye mlango ule na darubini, daftari na mti wa kupimia, na sikuona kitu. Yeye amechuchumaa mara moja akiwa anatafuta mzaha, akaona. Kama angekuwa nami siku ile, mtaa wote ungekuwa umejengwa kwingine. Na nyumba aliyoinunua, ameinunulia jina langu. Hilo ni langu, si lake wala si lako.

Kamati inakaa tarehe ishirini na nne. Nimepewa nafasi ya kueleza maombi. Nimeandika maelezo mara nne. Yote manne ni mazuri na hayana ukweli.

Mjomba wako


19 Oktoba

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena, na mama umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Barua hii haiji kwa posta. Aliyekupa yuko mbele yako, mrefu, ana jasho, na pembeni yake kuna mlango. Mpe kwanza maji ya kunywa. Atakataa, mpe hivyohivyo.

Ulikuwa umeona sawasawa. Nilipomsomea ile barua ya Septemba alikwenda kupiga randa ubao uliokwisha kuwa laini, akaupiga hadi ukawa mwembamba kama biskuti. Halafu akasema, "Miaka kumi na moja nimeshika randa, mjomba wako anaifuta kwa kalamu." Nikasema, "Hajaifuta yeye, ni maji." Akasema, "Maji hayajafika. Aliyefika ni mjomba wako." Akasema haondoki. Nami nilishakwambia sihami kwa siri, kwa hiyo wote wawili tulikuwa hatuhami na bado tumegombana. Majuma mawili na zaidi tuliongea habari za chumvi tu. Ipo? Ipo. Ilete. Mjomba, sikujua kuwa mtu anaweza kumkosa mtu aliyeketi naye meza moja. Unga wa mbao ulikaa kwenye nyusi zake muda wote huo na sikuupangusa, na kila nikiuona mkono ulikuwa unawasha.

Kisha ikaja barua yako ndogo. Nilimsomea sehemu yake tu. Akaniomba nirudie pale uliposema amechuchumaa mara moja. Nikarudia. Akatoka, nikasikia bisibisi kwenye bawaba.

"Unafanya nini?"

"Kwenye kamati watataka kuona. Karatasi zote wameshaziona miaka sita."

"Na nyumba ikae bila mlango?"

"Utatundika shuka. Ulisema unapenda upepo."

Sikuwahi kusema napenda upepo. Lakini akasimama pale ameukumbatia mlango kama anacheza nao, nyusi nyeupe, na mimi nikanyanyua mkono nikampangusa. Tukalia kidogo, wote wawili, na mlango katikati.

Dereva wa basi alimwambia mlango hauna tiketi. Akamjibu, "Nikatie, akae dirishani." Wakaufunga juu na magodoro ya watu. Namalizia barua hii hapahapa stendi, basi linanguruma.

Bibi Cherehani alikuwa kwenye kigoda chake mlango ulipopita kuja stendi. Nilimweleza kila kitu, Mjomba, jina lako na undugu wetu. Nisamehe, au usinisamehe. Aliusindikiza kwa macho hadi ukakata kona. Kisha akasema, "Sasa mbao zinakwenda kusema vizuri." Akarudi kushona.

Mto umeanza kuwa wa rangi ya chai. Bado uko chini, nautazama kila asubuhi.

Mpwa wako anayekupenda, usilisahau hilo huko mbele ya watu wakubwa,
Chiriku


2 Novemba

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Mumeo alikunywa maji, baada ya kukataa. Mama yako amemlisha majuma mawili kana kwamba anamnunulia mwili mwingine, na ameniambia jikoni, bila kushusha sauti, kwamba mwanawe amepata mtu. Nilikubali. Anapanda basi kesho asubuhi na barua hii.

Nikueleze ilivyokuwa, maana yeye atakuambia nilikuwa jasiri.

Chumba cha kamati kina meza ndefu na mazulia, na mlango wenu haukupenya hadi tulipoulaza ubavu. Mwenyekiti aliutazama, akasema, "Mzee, huyu naye amekuja kuomba kazi?" Watu wakacheka. Nikasema amekuja kutoa ushahidi. Mumeo akausimamisha mbele yao na kuushika. Nikamwomba mwenyekiti aje afungue kwa kitasa kile cha zamani. Akatoka kwenye kiti chake akitabasamu, akatafuta tundu, akainama, akainama tena, hadi tai ikagusa zulia.

"Nani anaweka kitasa huku?" akauliza.

Mumeo akasema, "Hakuna, mheshimiwa. Ulikatwa."

Mwenyekiti alibaki ameinama vile, kidole kwenye tundu, na nikaona doa limeishia chini kidogo ya kidole chake. Hakuna aliyecheka tena. Nikasema ramani mnayosema ipo ni yangu. Nikasema ina kosa, kosa liko mtaani kwenu, nalo nimelifanya mimi, na mwanamke aliyefiwa aliniambia ukweli nikaandika kingine. Yale maelezo manne sikuyatoa mfukoni.

Mjumbe mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza, "Umejua lini?"

"Agosti."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Oktoba."

Akaandika. Hakuniuliza kingine. Nimejibu maswali mengi katika ofisi hii, Chiriku, na hilo ndilo pekee ambalo jibu lake lilikuwa sahihi na bado halikutosha.

Fedha zimepitishwa. Si zote. Tumepewa za kupima mto wenu kuanzia darajani hadi kinuni, nusu ya tulichoomba. Mito mingine itangoja mwaka mwingine, na kila nikiifikiria nahisi kuna mlango mahali fulani sikuutazama. Ramani yangu imeondolewa ukumbini. Imepigwa muhuri mwekundu, ISITUMIKE, na nakala za muhuri huo zimetumwa kwenu zibandikwe shuleni, zahanati na sokoni. Zikifika, usingoje mtu wa kuzisoma kwa sauti. Una sauti. Ndiyo maana tulikuita Chiriku. Anza na mke wa dereva wa lori, yeye abebwe kwanza, kabla ya vyombo vya mtu yeyote. Mumeo amekubali kuhamishia vifaa vyake vya useremala kwenye banda lililo mbali kabisa nyuma ya shule, nje ya mstari mpya ninaoukadiria mimi, nami safari hii nimekadiria kwa kuogopa.

Nyumba yenu sijui. Sitakudanganya. Labda watasema ipandishwe, labda watasema iachwe. Utakaposikia, usisikie kwa mtu mwingine, utasikia kwangu.

Mchango wa saa ya ukutani umenyamaza. Hotuba zimeahirishwa na hakuna aliyesema hadi lini. Nimeomba jambo moja nikapewa: kikosi cha upimaji kinakuja kwenu mwezi huu, nami naja nacho. Kiongozi ni binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Mimi nitashika mti wa kupimia, kazi ya mwanafunzi wa kwanza. Amenitazama kwa haya nilipomwomba. Nikamwambia asinionee huruma, nimeshawahi kumtazama mtu hivyo.

Mlango nimebaki nao. Kamati wanautaka hadi juma lijalo kwa picha na kumbukumbu. Nitaurudisha mwenyewe, kwenye lori la vifaa, na mumeo ataamua autundike wapi. Upande wa ndani usipakwe rangi. Wa nje, weka samawati yako.

Kwa Bibi Cherehani sina salamu ya kutuma kwa mkono wa mtu. Mwambie tu yule kijana anakuja. Hataleta shati jeupe. Atasimama pale ghala lilipokuwa na mti mkononi, na hatapima chochote hadi yeye ashuke kwenye kigoda, aje kwa miguu yake, na aweke mkono pale maji yalipomfika. Hapo ndipo tutakapoanzia.

Kabla mwezi haujaisha nitakuwa mlangoni kwenu, nimeubeba.

Mjomba wako